Pumzi Kubwa, Sauti Ndogo

Hotuba kwa wapigaji wa saksofoni, klarineti na fanfari (bendi za vyombo vya kupuliza) wa Lubumbashi, iliyotolewa Jumamosi jioni katika ukumbi wa parokia, Kamalondo. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Jambo yenu wote. Wababa, wamama, yaya zangu, na ninyi wadogo zangu mliokuja na vyombo mgongoni kutoka mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba: aksanti kwa kufika. Naona wa fanfari wamekaa upande huu, wa orkestra za nganda, yaani za baa, upande ule, na wa kwaya wameshika viti vya katikati. Leo naomba tuwe upande mmoja, maana jambo ninaloleta linatuhusu wote tunaoishi kwa pumzi.

Tangu mwaka juzi vijana wananiuliza swali lile lile. Wananisimamisha barabarani, wananipigia simu, wananifuata baada ya misa. "Papa Mwalimu, yule Shabaka wa London, aliyekuwa anapuliza saksofoni ya tenori mpaka ukuta unatikisika, kwa nini ameiweka chini na kushika filimbi? Ameishiwa?"

Ameishiwa? Hilo neno ndilo lililonileta hapa leo. Kwa sababu katika mji wetu tumezoea kupima mpigaji kwa ukubwa wa sauti. Anayesikika mpaka barabara ya pili, huyo ndiye fundi. Anayepunguza, tunasema amechoka, amezeeka, amelala. Mimi nasema hapana. Nasema aliyepunguza sauti yake kwa kutaka amejitwisha kazi nzito kuliko ile ya kwanza, na nitawaonyesha kwa nini.

Tuanze na mtu mwenyewe. Shabaka Hutchings alizaliwa London mwaka 1984, akakulia Barbados. Chombo chake cha utotoni ni klarineti. Aliporudi Uingereza alisoma klarineti ya kiklasiki katika Guildhall School of Music and Drama. Lakini dunia ilimjua kwa saksofoni ya tenori. Alikuwa na kikundi kinaitwa Sons of Kemet: tenori moja, tuba moja, wapiga ngoma wawili, basi. Hakuna gitaa, hakuna piano. Ninyi wa fanfari mnaelewa mara moja maana ya kikundi cha namna hiyo: tuba inatembea chini, ngoma zinagombana, na tenori inabaki peke yake kubeba wimbo wote mabegani. Alikuwa pia na The Comet Is Coming, yeye na kinanda cha umeme na ngoma, muziki wa kuchezesha umati uliosimama. Alikuwa na kikundi cha tatu pamoja na ndugu zetu wa Afrika Kusini, The Ancestors. Kote huko alipuliza kama mtu anayetaka kubomoa mlango.

Halafu ikawaje? Mwaka 2022 akatoa kazi fupi yenye filimbi na sauti za pole, na wengi hawakuitilia maanani. Mwanzoni mwa 2023 akatangaza kwamba mwaka ukiisha ataipumzisha saksofoni. Hakusema milele. Alisema anaipumzisha. Mwezi wa Desemba 2023, ndani ya kanisa la Hackney kule London, akapiga ile kazi kubwa ya John Coltrane, mpiga saksofoni wa jazi wa Marekani, A Love Supreme, kisha akaiweka tenori chini. Mwezi wa Aprili 2024 ikatoka albamu yake mpya: filimbi, klarineti, vinubi, piano, sauti za watu. Ukiisikiliza kwenye simu katika soko la Mzee hutasikia kitu. Inakutaka ukae.

Na alikwenda kurekodi wapi? Alikwenda New Jersey, Marekani, katika studio ya Rudy Van Gelder, chumba kile kile ambamo Coltrane alirekodi A Love Supreme tarehe 9 Desemba 1964. Wanamuziki walikaa pamoja chumbani, bila kuvaa vifaa vya masikioni, bila kutenganishwa kila mmoja na kibanda chake. Kila mtu alimsikia mwenzake kwa masikio aliyozaliwa nayo. Fikirini jambo hilo, ninyi mnaopiga Jumapili huku kila mmoja anaomba fundi wa sono, wa mitambo ya sauti, amwongezee yeye. Chumbani mle ukizidisha, umemfunika mwenye kinubi. Huwezi kumlaumu mtu wa mitambo. Ni wewe na pumzi yako.

Alikuwa na umri gani alipoiweka saksofoni chini? Miaka 39. Mtu wa miaka 39 hajaishiwa pumzi, wapendwa. Nguvu alikuwa nazo zote.

Sasa kuhusu pumzi yenyewe niwape kisa cha hapa hapa kwetu.

Wakati wa mvua tuliitwa kwenye kilio huko Katuba. Mmekwenda vilio, mnajua inavyokuwa: turubai limefungwa kwenye mwembe, wamama wamelala kwenye mikeka, moto wa makala, wanaume kwenye viti vya plastiki. Tulipiga jioni yote. Ilipofika katikati ya usiku dada mkubwa wa marehemu akanijia, amejifunga kitenge kichwani, akaniambia: "Papa, tupigieni ule wimbo alioupenda. Lakini mupunguze. Watoto wamelala, na sisi hatuna tena nguvu ya kusikia kelele."

Kikundini tulikuwa na kijana mwenye kifua. Yuko humu ndani leo na ameniruhusu niseme. Kwenye nganda kijana huyu hahitaji mikro. Anasimama mlangoni na watu wanajaa. Nikampa ishara aanze. Akapunguza pumzi, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Akabana mdomo ili aishike, chombo kikaruka juu kikapiga mlio mkali, na mtoto mmoja kwenye mkeka akaamka akilia. Kijana akaniangalia. Jasho lilikuwa limemjaa, na usiku ule kulikuwa na baridi.

Aliyeuokoa wimbo ni mzee mmoja wa fanfari, mpiga klarineti, mtu ambaye tulikuwa tunambeba kwa heshima ya umri wake tu. Nilimtazama vizuri alivyofanya. Kwanza alitoa anshi, kile kipande cha tete kinachotetemeka, mdomoni akaitazama kwenye mwanga wa taa. Akailamba pande zote mbili, akaipanga upya kwenye beki, sehemu ya chombo inayoingia mdomoni, akalegeza kidogo zile skrubu zinazoishikilia. Halafu akakaa. Akavuta pumzi mpaka mkanda wake ukasogea, akasubiri kidogo, akaanza. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa sauti kamili, haina nyufa, kuanzia beti la kwanza mpaka la mwisho. Wale wamama walijiunga naye kwa midomo iliyofungwa. Hakuna mtoto mwingine aliyeamka.

Nani alikuwa na nguvu zaidi usiku ule? Jibuni moyoni mwenu.

Na hili lina sababu yake. Anshi ni kipande chembamba cha tete. Haitetemeki mpaka ipate msukumo wa hewa wa kiasi fulani; chini ya hapo inanyamaza. Ukipuliza kwa nguvu uko mbali na mpaka huo, hata ukiyumba kidogo hakuna anayegundua. Ukipiga pole unatembea juu ya mpaka wenyewe. Pumzi ikipungua kidogo, kimya. Ukibana mdomo kwa hofu, umeifunga njia. Kwa hiyo tumbo lazima lisukume bila kuyumba, na midomo ilegee bila kuachia, vyote viwili kwa wakati mmoja. Waulize wenye tenori hapa: kupiga noti ya si bemoli, ile ya chini kabisa, kwa sauti kubwa, kila mwanafunzi anaweza. Kuipiga kwa sauti ya chini mno, ianze bila kikohozi na iishe bila kukatika? Hapo ndipo unajua nani anafanya mazoezi nyumbani.

Sasa mtazameni Shabaka tena. Amechukua nini badala ya saksofoni? Moja ya filimbi zake ni shakuhachi, ya mwanzi, ya Japani. Ina matundu matano, manne mbele na moja nyuma. Haina anshi. Haina vifungo. Ile ya kawaida ina urefu wa sentimita 54 na kidogo. Sauti inazaliwa pale pumzi inapogonga ukingo uliochongwa juu ya mwanzi, na mdomo wako ukikosea pembe kidogo tu, hupati kitu. Kule Japani, watawa wa Kibudha waliokuwa wakitembea wamefunika vichwa kwa vikapu waliipiga kama sehemu ya ibada yao. Mtu aliyekwisha kujulikana duniani kwa chombo kimoja anakaa chini na mwanzi ambao mwanzoni unakunyima hata noti moja. Huyo mnamwita aliyeishiwa?

Nimesema sababu ya kwanza, kwamba pole ni ngumu. Lakini wako wanaosema: sawa, ni ngumu, ila ni kitu cha mtu mmoja wa leo. La hasha. Njia hii wakubwa wameipita.

Coltrane mwenyewe. Mwaka 1961 gazeti moja la jazi la Marekani, Down Beat, lilichapisha maneno makali juu yake. Mwandishi aliuita muziki wake kitu kinachopingana na jazi. Kelele nyingi, noti nyingi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na tena mwaka 1962, Coltrane aliingia studio akarekodi nyimbo za mapenzi za zamani, taratibu, karibu bila kubadilisha melodi. Albamu inaitwa Ballads, ilitoka 1963. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Na baadaye? Alirudi kwenye moto, tena moto mkubwa kuliko wa kwanza, mpaka alipofariki mwaka 1967. Kumbe mtu anaweza kwenda kwenye upole na kurudi, na safari yake ikamwachia kitu. Sikilizeni A Love Supreme sehemu ya nne, mnisikilizie tenori inavyoongea pale. Mimi naamini isingepigwa vile kama hakupita kwanza kwenye zile nyimbo za pole.

Na wale wanaosema muziki wa pole hauuzi, nawapa jina moja na kuendelea: Stan Getz. Machi 1963, tenori yake laini kando ya gitaa lisilo la umeme la João Gilberto wa Brazili, mtu aliyeimba kama anakunong'oneza. Mwaka 1965 albamu yao ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Tuendelee.

Anayenigusa mimi kuliko wote ni Archie Shepp, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Shepp ni Mmarekani mweusi, alizaliwa 1937, akakulia Philadelphia. Miaka ya 1960 alikuwa mmoja wa watu wa muziki wa hasira, muziki wa kudai haki, tenori inalia na kukwaruza. Albamu yake moja ya 1965 ilikuwa na neno la moto kwenye jina lake: Fire Music. Mwaka 1969 alikwenda Algiers, kwenye tamasha kubwa la Afrika nzima, akapiga pamoja na wanamuziki wa Kituareg. Huyo ndiye Shepp mnayemkuta kwenye vitabu.

Mwaka 1977 Shepp yuko Copenhagen, Denmark, katika chumba cha kurekodi na mtu mmoja tu, mpiga piano Horace Parlan. Hakuna ngoma. Hakuna besi. Tenori na piano. Na wanapiga nini? Wanapiga nyimbo za kanisa za watumwa wa Marekani: Go Down Moses, Swing Low Sweet Chariot, Nobody Knows the Trouble I've Seen. Nyimbo ambazo kwaya zetu hapa mjini zinazijua. Albamu inaitwa Goin' Home.

Sasa mjue Horace Parlan ni nani. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1931. Akiwa mtoto mdogo akapata polio, na mkono wake wa kulia ukapooza sehemu. Mpiga piano, mkono wa kulia! Mkono unaobeba melodi kwa wapiga piano wote! Hakuacha. Mkono wa kushoto ukajifunza kufanya kazi ya mikono miwili, na wa kulia ukatumia vidole vilivyobaki na uhai, kwa kugonga noti chache mahali panapostahili. Ukimsikiliza bila kujua habari hii unasema tu: huyu mtu anachagua noti zake kwa uangalifu sana. Na ni kweli alikuwa anazichagua.

Niambieni, mbele ya piano kama hiyo unapiga kelele? Shepp alipunguza. Akaacha mwanya. Lakini sikilizeni vizuri: ile hasira haikuondoka. Iko pale pale, ndani ya pumzi, katika namna anavyoingia kwenye noti kutoka chini na kuiacha ikivuja hewa. Unamsikia mtu mwenye mengi ya kusema anayesema machache. Nimewapigia wanafunzi wangu albamu hiyo mara nyingi chumbani kwangu, na wasiojua neno moja la Kiingereza wananyamaza pale wanapoitambua Go Down Moses, kwa sababu kule kwao wameiimba kwa ajili ya baba zao wa migodini.

Kwa hiyo msidhani upole ni kuacha mapambano. Muulizeni Shepp.

Sasa turudi nyumbani. Kwa sababu jambo linaloniuma ni kuona kijana wa Lubumbashi anashangaa kwamba mtu wa London amegundua muziki usio na umeme. Kijana wa Lubumbashi! Mjukuu wa Katanga!

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo. Akamkuta kijana wa miaka kama ishirini na miwili, mzaliwa wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, na gitaa lake. Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Mashine ikawashwa. Kijana akapiga Masanga. Kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, akatoa sauti tatu zinazotembea kila moja na njia yake: moja chini, moja katikati, moja juu inayoimba. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikaa akaandika noti za Bosco moja moja kwenye karatasi na kuzichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu wenye elimu walitaka kuelewa mtu huyu anafanyaje. Mwaka 1969 Bosco alisimama kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani nchini Zambia.

Na hakuwa peke yake. Edouard Masengo, Losta Abelo, ni watu wa huku huku. Masengo alifika mpaka Nairobi na gitaa lake, na Wakenya wakajifunza kwake. Muziki wa Katanga ulivuka mipaka ukiwa umebebwa mkononi, bila bafle, yaani spika, hata moja, kwa Kiswahili chetu. Ulizeni wazee wa Nairobi juu ya gitaa kavu, lisilo la umeme, wataanza kuwatajia majina ya watu wa hapa.

Mnaniambia: Papa, hilo ni gitaa, sisi ni watu wa saksofoni. Vizuri. Adolphe Sax alikuwa Mbelgiji wa Dinant, alipata hati ya uvumbuzi wa saksofoni mwaka 1846 huko Paris, na kilienea kwanza kupitia bendi za kijeshi. Kwetu pia kilifika na bendi za jeshi na za misheni. Kwa hiyo tangu mwanzo tumekijua kama chombo cha kutembea nacho barabarani, cha kusikika juu ya ngoma na juu ya watu. Hiyo ni historia yetu na naiheshimu. Mimi mwenyewe nimefundishwa kwenye fanfari. Lakini Sax hakukitengeneza kwa nguvu peke yake. Alitaka nguvu ya shaba pamoja na ulaini wa vyombo vya mbao. Huo ulaini uko ndani ya chombo chako tangu kilipotoka kiwandani. Wangapi mmeutafuta?

Mji huu una masikio ya jazi, tusijidharau. Mwezi wa Novemba 1960, katikati ya fujo za kujitenga kwa Katanga, Louis Armstrong alipiga tarumbeta hapa hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Siasa iliyomzunguka ilikuwa chafu, na leo siyo siku ya kuieleza. Nataka tu mjue kwamba babu zenu walimsikia.

Ndoto yangu ni nyepesi kuieleza. Nataka kumsikia kijana wa Kamalondo anachukua tenori na kupiga zile sauti tatu za Bosco, ile ya chini, ya katikati na ya juu, kwa pumzi, kando ya gitaa moja, katika chumba ambamo unamsikia mpiga gitaa anavyosogeza kidole kwenye waya. Hakuna mtu wa London atakayetufanyia hilo. Shabaka amekwenda kutafuta mwanzi mpaka Japani. Sisi tuna gitaa kavu, tuna likembe ya kupigwa kwa gumba, tuna nyimbo za mabibi zetu, na bado tunakimbilia kununua bafle kubwa zaidi.

Najua mtakachosema, na ni haki yenu kukisema. Mwenye nganda analipa kelele. Akisikia kimya anadhani wateja watahama. Mchungaji naye anataka sifa zisikike mpaka barabarani. Na ninyi mna watoto, mna karo, mna kodi ya nyumba. Sikuambii uache kazi inayokulisha. Shabaka alikuwa na jina kubwa alipobadilisha njia, na jina linasaidia kulipa kodi. Wewe bado unalitafuta lako. Kapige Ijumaa kwa nguvu, ulipwe. Ninachoomba ni ile saa moja ya asubuhi ambayo ni yako, ambayo hakuna bosi anayeidai. Saa hiyo usiifanye kuwa repetisyo, mazoezi, ya Ijumaa.

Kwa wale watakaotaka kuanza, haya ninayowaambia ni ya kazi, siyo maneno mazuri tu.

Beki la chuma mnalolipenda linatoa sauti kali, yenye makali, inayopenya kelele. Kwa kazi hii tafuteni beki la eboniti, lile jeusi, hata la zamani, ilimradi ncha yake haijapasuka. Anshi msiikwangue kwa wembe kila mara inapowasumbua, nawaona. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, hewa yetu ya hapa juu ni kavu na ina vumbi, anshi inakauka na kupinda ukiwa bado unazungumza na jirani. Iloweke kwenye maji safi kabla, na ukimaliza ifute uihifadhi mahali palipo bapa.

Halafu noti ndefu. Noti moja, kutoka kimya, ikue, irudi kwenye kimya. Unaposikia inataka kukatika, usiongeze hewa haraka na usibane mdomo. Legeza taya chini kidogo, uache tumbo lifanye kazi. Anzia sol ya katikati, ushuke pole pole kila juma mpaka ufike si bemoli. Itachukua miezi. Yule kijana wa kwenye kilio ilimchukua karibu mwaka, na Krismasi iliyopita alipiga Usiku Mtakatifu kwenye misa ya usiku bila mikro, chini ya sauti za watoto wa kwaya, na maneno ya watoto yalisikika yote. Mama mmoja aliuliza nani alikuwa anapiga filimbi. Haikuwa filimbi. Ilikuwa tenori ile ile ya mlangoni kwa nganda.

Nimesema mengi, na muda wa maswali lazima ubaki. Jumamosi ijayo tunakutana tena hapa, saa nane. Kila mmoja alete wimbo mmoja alioupata kwa mzee wa nyumbani kwake, wimbo wa gitaa kavu, wa kilio, wa mgodini, wowote, ila auombe kwa mzee mwenyewe, asiutoe kwenye simu. Wenye baba au babu aliyepiga gitaa enzi za Bosco, mkamwombe aje naye, tutamtumia mtu wa kumchukua na gari. Sono ya ukumbi tutaiacha chumba cha nyuma.

Sasa maswali. Yaya wa klarineti pale mwisho, nimeuona mkono wako tangu nilipomtaja Parlan. Karibu.